Kitalu kidogo cha miche kiangazi: mwongozo kutoka Mufindi

Ukisimama juu ya kilima chochote Mufindi mwezi wa kumi, unaona nchi ya rangi moja. Nyasi zimekauka, mabonde yamechomwa, na vumbi limelala juu ya kila jani. Katikati ya ukavu huo kuna kiraka kimoja cha kijani chenye udongo laini, kivuli, na maji kila siku. Hicho ni kitalu chako. Ukilikumbuka hilo hutashangaa tena kwa nini nyuki, ngedere, fuko, sungura na nyoka wanaonekana kama wamepangiana zamu ya kukutembelea.

Naandika kwa mwenye kitalu cha familia, miche 5,000 hadi 15,000 ya misindano (paina), milingoti (mikaratusi) na parachichi, maana ndiyo inayouzika ukanda wetu wa Mafinga, Njombe mpaka Rungwe. Mwenye kitalu kikubwa chenye mabomba ya kunyunyiza na walinzi wa zamu ana shida zake nyingine. Haya ya hapa nimeyafanya kwa mikono yangu, na mengine nimeyajua kwa hasara.

Kalenda kwanza

Mvua zetu ni za msimu mmoja: Novemba mwishoni mpaka Aprili, mwaka mzuri zinagusa Mei. Wateja karibu wote wanataka miche Desemba na Januari, ardhi ikishalowa. Kwa hiyo unahesabu kurudi nyuma. Msindano, kwa baridi yetu, unakaa kitaluni miezi 6 hadi 8, hivyo unausia kati ya Aprili na Juni. Mlingoti una haraka, miezi 4 hadi 5 unatosha, unausia Julai au Agosti mwanzoni. Parachichi la kubebesha ni kazi ya karibu mwaka mzima: unasia kokwa za parachichi la kienyeji, unasubiri shina lifike unene wa penseli, ndipo unabebesha, yaani unaunganisha juu yake kikonyo (kijiti chenye macho) cha Hass, parachichi la biashara.

Maana yake ni kwamba miche inapita kipupwe cha Juni na Julai ikiwa michanga kabisa, halafu inapita jua la Septemba hadi Novemba ikiwa imenenepa na ni mitamu. Neno mitamu nimelitumia makusudi.

Hesabu ya mteja nayo ijue. Nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miti kama 450 kwa ekari. Mwambie achukue 500, maana mingine itakufa shambani. Miche 10,000 basi ni ekari 20 za watu, na hao wanaweza kuwa wateja wanne tu. Jua majina yao kabla hujasia.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Watu wanakimbilia bondeni kwa sababu maji yapo karibu. Makosa mawili kwa mkupuo. Kwanza, baridi ya usiku inateremka na kutulia bondeni kama maji yanavyotulia, na sakitu (umande ulioganda) ya Julai inaunguza milingoti na parachichi kwa usiku mmoja. Asubuhi majani yanakuwa kama yamepikwa. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Kitalu chenye nguzo na uzio ni shughuli ya kudumu, usijidanganye.

Kwa hiyo panda juu kidogo. Tafuta mteremko mwepesi, wenye jua la asubuhi, uliokingwa na upepo wa mashariki ambao kiangazi unakausha kiriba (kimfuko cha plastiki cha kuoteshea mche) kuliko jua lenyewe. Pawe karibu na nyumba kiasi kwamba mtu akikohoa kitaluni unamsikia. Kitalu cha mbali na macho ni cha ngedere.

Ukitaka kuvuta maji kwa pampu, uliza kibali ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu. Kwa Mufindi na Iringa ni Bonde la Rufiji. Kwa ndugu zetu wa Tukuyu na Kyela ni Bonde la Ziwa Nyasa.

Hatua ya 2: Pima maji kabla ya kununua mbegu

Kwa vipimo vyangu, viriba vidogo 1,000 vinakunywa lita 50 asubuhi moja ya Oktoba. Alasiri vinahitaji nusu yake. Miche 10,000 basi ni lita 750 kwa siku, karibu madumu 38 ya lita 20. Sasa chukua dumu moja, nenda kisimani, rudi, uangalie saa. Zidisha mara 38. Kama jibu limekutisha, punguza miche.

Tenki la lita 1,000 ni bora kuliko neti nzuri ya kivuli. Ukiwa na hela ya kimoja tu, nunua tenki, kivuli utaezeka kwa nyasi.

Hatua ya 3: Udongo na viriba

Mchanganyiko wangu wa milingoti na parachichi ni ndoo tatu za udongo wa juu wa msituni, ndoo moja ya samadi iliyoiva na ndoo moja ya mchanga wa mtoni, vyote vimepita kwenye chekeche. Samadi mbichi inaunguza mizizi, tena inaita funza, na funza wanaita nguruwe pori. Samadi iliyoiva hainuki.

Msindano una tabia yake. Usiupe samadi. Unachotaka ni udongo uliochukuliwa chini ya misindano mikubwa, ule wenye nyuzi nyeupe za ukungu kati ya majani yaliyooza. Ukungu ule unaishi na mizizi na kuusaidia mche kunyonya chakula. Bila huo, miche inabaki ya njano na majani mafupi hata ukiilisha mbolea ya dukani. Ndoo moja katika kumi inatosha. Sisi tuliozungukwa na shamba la miti la Sao Hill hatuna kisingizio, lakini omba ruhusa kwa mwenye shamba.

Viriba vya miti ni inchi 4 kwa 6, vya parachichi vikubwa zaidi. Wapo wanaoogopa kwa sababu ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019. Katazo lile ni la mifuko ya kubebea. Vifungashio vya kilimo havikuguswa. Ila okota vilivyochanika, maana upepo wa Septemba utavipeleka kwa jirani na ng'ombe atavila.

Jaza kiriba kikiwa kimekazwa. Kilicholegea kinajikunja katikati, maji yanapita pembeni, na ndani ya mkunjo chura anajenga. Chura si tatizo. Mkunjo ndio tatizo.

Hatua ya 4: Kusia

Loweka mbegu za msindano usiku na mchana, saa 24, kwenye maji baridi. Zipepee zikauke ngozi, kisha zisie kwenye tuta la mchanga safi, uzifukie kwa unene wa mbegu yenyewe tu. Baada ya wiki mbili au tatu zinachomoza. Za milingoti ni kama vumbi la ugoro. Changanya na mchanga mkavu laini, nyunyiza juu, usizifukie, tandaza nyasi chache. Weka majivu kuzunguka tuta, la sivyo sisimizi watazibeba moja moja na wewe utamlaumu aliyekuuzia.

Kokwa la parachichi lisikae. Limenyaushwa wiki chache, limekwisha. Lisie upande mpana ukiwa chini, ncha ichungulie juu ya udongo.

Sasa nieleze hasara yangu ya kwanza. Msindano ukichomoza unakuja umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Siku kama tano au saba kofia inaanguka. Ndege wanaijua kofia ile. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka asubuhi nikakuta tuta zima la vijiti. Shingo zipo, vichwa hakuna, kama mtu kapita na mkasi. Nilidhani ni ugonjwa. Nikanunua dawa ya ukungu, nikapiga, na kesho yake tuta la pili likaenda vilevile. Siku ya tatu nilikaa na kikombe cha chai nyuma ya mti tangu saa 12 asubuhi, na hao wakaja, chiriku wadogo saba au wanane, wanang'ata kofia, wanavuta, wanatupa shingo. Tangu siku hiyo tuta la msindano nalifunika kwa neti ya matundu madogo kwenye fito za upinde, kimo cha goti, kingo zimezikwa udongoni, mpaka kofia ya mwisho imedondoka. Kisha naitoa. Ukiiacha, kivuli na unyevu vinaleta kinyausi, ukungu unaoozesha shingo za miche michanga, na hapo ndipo dawa ya ukungu ingekuwa na kazi.

Hatua ya 5: Kivuli

Kichanja cha nyasi kimo cha mita moja na nusu hadi mbili, nyasi zimepangwa jua lipenye kama madoadoa. Mche ulioko giza unarefuka na kuwa dhaifu. Kipupwe, kichanja kilekile kinazuia sakitu. Usiku unaotarajiwa baridi, anga likiwa wazi na upepo umetulia, ongeza nyasi jioni na uzitoe saa 3 asubuhi.

Neti nyeusi ya dukani inadumu zaidi, ila kagua kila asubuhi. Ndege na popo wananasa, na nyoka akinasa humo hutapenda kumnasua.

Hatua ya 6: Kumwagilia

Hapa ndipo kazi na wanyama zinapokutana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi tulifundishwa kumwagilia sana jioni ili maji yakae usiku kucha. Kwa mche peke yake ni sawa. Lakini udongo uliolowa jioni katika nchi kavu ni mwaliko. Sota, wale viwavi wanaokata miche, wanatoka usiku kwenye udongo laini. Nyenje vilevile. Nguruwe pori ananusa minyoo kutoka mbali, na fuko anachimba pale ambapo udongo haumpigi pua.

Mzee mmoja jirani alipita siku nalalamikia fuko. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, akaegemea fimbo, akaangalia tuta langu linalong'aa maji saa 12 jioni.

"Mwanangu, unamlainishia halafu unamlaumu?"

Nikamwuliza nifanye nini, miche itakauka.

"Nywesha asubuhi. Kwani wewe unakula mara moja, tena usiku?"

Nikabadili ratiba. Maji mengi ni asubuhi kabla ya saa 3. Ya pili ni mepesi, saa 9 hadi 10 alasiri, ili giza likiingia uso wa udongo umeshakauka na unyevu uko chini kwenye mizizi. Chomeka kidole. Juu pakavu, kiungo cha kwanza kimelowa, ndivyo inavyotakiwa. Tumia keni yenye kichwa cha matundu madogo, sogeza mkono bila kusimama, usimwage kwa ndoo.

Njia kati ya matuta ziache kavu. Mafinga vumbi la mbao ni la bure kwenye viwanda vya kupasulia, litandaze njiani, nyasi hazitaota na utaona nyayo za aliyepita usiku. Usilichanganye kwenye udongo wa viriba, litakula mbolea ya mche.

Hatua ya 7: Jifunze kusoma jeraha

Kabla hujanunua sumu au kutega mtego, inama. Kila mgeni anaacha sahihi yake.

Mche umelala chini, umekatwa usawa wa udongo, na majani yote yapo: huyo ni sota. Fukua kwa kidole kuzunguka shina, kina cha nusu kidole, utamkuta amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Yuko palepale, hajaenda mbali. Mwokote umpe kuku. Asubuhi tatu mfululizo za kuokota zinamaliza kazi kwenye kitalu kidogo, na ninaziamini kuliko chupa yoyote.

Mche umekatwa na haupo kabisa: tafuta tundu lenye kichuguu kidogo cha udongo mlangoni. Ni nyenje mkubwa, anakata na kuburuta ndani. Mimina maji tunduni, atatoka mwenyewe. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko shule.

Umekatwa kwa mshazari, safi kama kwa wembe, kimo cha kiganja: sungura. Umesinyaa ukiwa umesimama, ukiuvuta unatoka bila mizizi: fuko. Shina limevikwa koti la udongo: mchwa, hasa kwenye milingoti. Kokwa za parachichi zimefukuliwa na kubebwa: panya buku. Miche imeng'olewa, imetafunwa ncha, imetupwa hovyo kila upande kama wahuni wamepita: ngedere. Viriba vimesukumwa na kupinduliwa kwa safu: nguruwe pori.

Udongo umeparuliwa mchana kweupe na kinyesi kimeachwa juu: kuku wa jirani. Nasema kwa uchungu, kwa miaka yote hii kuku na mbuzi wa watu wamenitia hasara kuliko msitu mzima. Uzio jenga kwa ajili yao kwanza.

Hatua ya 8: Mpe kila mgeni jibu lake

Nyuki waanzie, kwa sababu wanauma wateja. Septemba vijito vidogo vikikauka, nyuki wanakuja kwenye bomba linalovuja na magunia yaliyolowa. Wakishazoea sehemu ni kazi kuwahamisha, kwa hiyo wawahi. Mwezi wa 8, kabla ya joto, weka karai pana mita 30 kutoka kitaluni, upande ambao watu hawapiti. Jaza mawe na vijiti mpaka vichungulie juu ya maji wapate pa kutua. Usikose kulijaza hata siku moja, likikauka Jumapili wanahamia kwenye bomba lako Jumatatu. Halafu rekebisha bomba. Karai hilohilo litanywesha ndege, na utaona wanapunguza kudonoa majani laini ya parachichi, ambayo mara nyingi wanayafuata kwa maji yake.

Fuko: usipange viriba juu ya ardhi tupu. Tandaza waya wa kuku, au kokoto unene wa kiganja, kisha viriba juu. Kwa tuta la kusia waya unazikwa chini kabla ya kuweka mchanga. Akishaingia, wapo vijana kila kijiji wanaojua mtego wa fito na kamba. Walipe kwa fuko, si kwa siku.

Mchwa: usiweke fito mbichi zenye maganda, zitawaleta. Menya, zipake oili chafu sehemu inayozama ardhini, na uziweke mbali na viriba. Majivu yanasaidia mpaka yalowe, kisha weka mengine.

Panya na panya buku: waya wa kuku juu ya tuta la kokwa mpaka zichipue. Chakula kisibaki kitaluni, hata makombo ya ugali ya vibarua. Sumu ya panya mimi siiweki. Panya aliyekula sumu anatembea kilevi mchana, anakuwa mwepesi kukamatwa, na anayemkamata ni paka wako au bundi. Najua bundi ana jina baya kwetu, akilia karibu na nyumba watu wanahesabu wagonjwa. Mimi nimemsimikia nguzo ya mita tatu yenye kijiti cha kukalia pembeni ya kitalu, na chini yake naokota matonge ya manyoya na mifupa ya panya. Mke wangu bado hajakubali.

Kinyonga naye mwacheni. Vibarua wapya wanamkimbia au wanamrushia jiwe. Yule anayetembea kama mlevi kwenye fito ya kichanja anakula panzi na nzi kutwa nzima na halipwi. Chura ni vivyo hivyo, zamu ya usiku. Siafu wakipita, wapishe. Toa watoto na kuku, subiri waende zao, utakuta wamesafisha panya na wadudu bila kugusa mche hata mmoja.

Ngedere ndiye mwenye akili. Sanamu ya nguo anaizoea kwa siku tatu, siku ya nne anaikalia. Kinachomzuia ni mbwa, mtu, na kukosa sababu ya kuja. Usipande mahindi wala ndizi mpakani mwa kitalu upande wa msitu. Fyeka mita 20 za vichaka, ngedere hapendi kuvuka uwazi penye mbwa. Badilisha saa zako za kuzunguka, kwa sababu anazihesabu.

Mtego wa waya usitege. Unakamata chochote kilicho na shingo au mguu, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali. Ukiwa Rungwe, pembeni ya msitu, kumbuka kuna kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua kati ya 2003 na 2005 ingawa wazee wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote. Yuko misitu ya Rungwe na Livingstone, na kidogo Udzungwa, kwingine duniani hakuna. Wanyama wakikuzidi nguvu, nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri.

Nyoka wanafuata panya, chura na ubaridi wa viriba. Kifutu ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hakimbii, analala tu, na rangi yake ni ya majani makavu. Kanuni ni chache: gambuti kila wakati, mkono usiingie kati ya viriba usikoona, na kila unapoinua safu tumia kijiti chenye ndoano kwanza. Akiuma mtu, mtulize, mguu usitembezwe, usichanje, usinyonye, usikaze kamba, tafuta gari uende hospitali. Namba ya dereva wa bodaboda na ya mwenye gari ziandikwe kwenye nguzo ya kitalu, si kwenye simu yako tu.

Hatua ya 9: Moto kichaa

Kuanzia Agosti mpaka mvua ya kwanza, mtu anaandaa shamba kilomita mbili kutoka kwako na wewe ndiye unayeungua. Lima ukanda wa mita 5 kuzunguka kitalu mwezi wa 7, udongo uwe mtupu, kisha uupitie tena Septemba. Tenki lisilale tupu. Alasiri mwagilia kwanza, halafu lijaze, ndipo ulale. Matawi mabichi ya kupigia moto yawe tayari, rundo moja kila kona.

Moto usipofika, waliokimbia moto watafika. Oktoba moja bonde la mbele yetu liliungua mchana kutwa. Alfajiri nilifungua geti nikamkuta pongo jike kasimama katikati ya parachichi, mgongo una majivu, nywele za mguu mmoja zimeungua mpaka ngozi inaonekana. Hakuwa anakula. Alikuwa ameweka mdomo kwenye kifuniko cha ndoo kilichobaki na maji ya jana. Alinitazama, akanywa, akanitazama. Nikarudi nyuma nikafunga mbwa. Alipoondoka alikuwa ameshatafuna ncha za miche 14, nimezihesabu, na 11 kati ya hiyo ilichipua upya chini ya kidonda. Kama ncha ya mche wa kubebesha imeliwa juu ya kiungo, pale kikonyo kiliposhikana na shina la kienyeji, usiutupe. Kata safi, punguza machipukizi ubakize moja lililo juu ya kiungo, na ungoje. Likitoka chini ya kiungo ni la kienyeji, likwanyue.

Hatua ya 10: Kukomaza na kuuza

Oktoba katikati anza kuuzoesha mche shida. Toa nyasi za kichanja kidogo kidogo kwa wiki tatu, punguza maji, ya alasiri yaache kabisa miche ikionyesha inaweza. Kila baada ya wiki mbili au tatu inua viriba na ukate mizizi iliyotoka chini. Mche ukinyauka siku hiyo, mpe kivuli siku mbili. Mche uliolelewa kama yai unakufa wiki ya kwanza shambani na mteja atakutangaza gulioni.

Miche ya matunda ina usimamizi wake: pita TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ujue taratibu za usajili na ukaguzi kabla ya kuandika kibao cha parachichi ya Hass. Vikonyo chukua kwenye mti unaoujua, wenye afya na ambao umeshauona ukizaa, na weka kitambulisho kwenye kila tuta. Mteja wa parachichi anakuja kulalamika baada ya miaka mitatu, na ana haki.

Usimwuzie mtu mche kabla udongo wake haujalowa, hata akikupa hela mkononi. Mvua ya kwanza ya Novemba inadanganya. Mwambie angoje ilowe kina cha mkono. Kwenye kirikuu au pikipiki panga viriba vimesimama, funika dhidi ya upepo, mwagilia kabla ya safari.

Mvua zikikolea, utaona karai la nje halina nyuki hata mmoja, wamepata maji porini. Limwage, litoe mawe, ulifunike mdomo chini lisizalishe mbu. Mimi langu linakaa hivyo nyuma ya banda mpaka mwezi wa 8.